Msaada wa Zege Lililopasuka

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuandikia kwa wahaka mkubwa, akisema kwamba chini ya boriti ya sebule yake, ile ambayo mafundi huiita bimu, pametokea nyufa nyembamba mno, zilizopangana kwa masafa yanayokaribiana, naye anauliza iwapo nyumba aliyoijenga kwa taabu inajiandaa kumwangukia.

Habari za saruji, kokoto na vipimo vya kuchanganyia nitawaachia mafundi, wanaozijua kunishinda, niingie katika jambo lenye ladha, nalo ni kwamba boriti ya zege lenye nondo aghalabu haianzi kufanya kazi yake sawasawa mpaka ipasuke. Zege hustahimili sana kushinikizwa, bali likivutwa nguvu yake ni takriban sehemu moja tu ya 10 ya ile ya kushinikizwa, na kipande cha mita moja kikinyooshwa kiasi cha milimita 0.1 hukatika, ilhali chuma kilichobeba mzigo wake wa kila siku huweza kunyooka karibu milimita 1 kwa kila mita. Basi maadamu twataka nondo zifanye kazi tuliyozinunulia, zege lililozizunguka halina budi kupasuka.

Wengi hudhani kwamba zege likishapasuka limestaafu. Hasha! Mfikirie mchukuzi aliyejitwika furushi zito, akipita njia ndefu yenye vijiji, na baina ya kijiji na kijiji pana pori tupu. Porini, yaani penye ufa, hana msaidizi, mzigo wote ni wake. Lakini afikapo ukingoni mwa kijiji watu humtokea mmoja mmoja wakamshikia furushi, na kadiri azidivyo kuingia ndivyo wanavyoongezeka, hata katikati wakawa wamebeba fungu la haja, kisha humwacha mmoja mmoja vile vile alielekeapo pori la pili. Furushi halikupungua hata ratili, bali uchovu wa safari nzima umepungua, na uchovu huo kwa nondo ndio mnyooko. Kinachowawezesha wanakijiji kulishika furushi ni yale matuta yaliyo mwilini mwa nondo, yanayong'ang'ania zege. Na ajabu zaidi ni hii: katika kijiji kirefu wasaidizi huweza kukusanyika hata fungu lao likawashinda, kijiji kikakatika na pori jipya likazuka, lakini vijiji vikishakuwa vifupi, mchukuzi huvipita kabla wasaidizi hawajatimia, wasilemewe tena, na mkatiko hukoma. Ndiyo sababu nyufa za msomaji wetu zina masafa yanayokaribiana, na ndiyo sababu zikishatimia, mzigo ukizidi hupanuka zile zile badala ya kuzaliwa nyingine.

Msaada huu, ambao mimi huuita ukakamavu baki, ndio aliouhesabia Mmarekani Dan Branson katika miaka ya 1960, alipotunga fomula iliyoushusha ukakamavu wa boriti polepole, kwa kipeo cha tatu cha uwiano baina ya mzigo wa kupasua na mzigo uliopo, badala ya kuuangusha kwa mkupuo. Mpaka leo kanuni za Marekani humruhusu mhandisi, akichanganua jengo zima, azihesabu boriti kwa sehemu 35 tu katika 100 za ukakamavu wa boriti isiyopasuka.

Ni kweli kwamba chini ya mzigo wa kudumu wanakijiji nao huchoka, na boriti huzidi kupinda kadiri miaka ipitavyo. Hilo wahandisi hulitia hesabuni. Kanuni za Ulaya hukubali ufa wa milimita 0.3 hata penye unyevu, na 0.4 ndani ya nyumba kavu. Basi msomaji wetu na azipime nyufa zake: zikiwa wima, katikati ya boriti, na hazivuki kipimo hicho, alale, bali akiona ufa wa mshazari karibu na nguzo, au madoa ya kutu, amwite mhandisi kabla ya kumwita mpaka rangi.