Tangazo kama Tendo la Usemi: Ufundishaji wa Matangazo katika Shule za Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Tanzania, tangazo limezoeleka kuchukuliwa kama umbo. Muhtasari wa somo hilo kwa shule za sekondari wa mwaka 2005 uliweka uandishi wa insha na matangazo katika kidato cha tatu, na kwa kawaida mwanafunzi alifundishwa kichwa cha tangazo, kiini chake na jina la mtangazaji, kisha akaulizwa hayo hayo katika mtihani. Makala haya yanadai kwamba umbo ni sehemu ndogo tu ya jambo. Tangazo ni tendo la usemi: yupo anayesema, yupo anayeambiwa, na lipo jambo ambalo wa kwanza anamtaka wa pili alifanye. Mwanafunzi asiyeyabaini matatu haya atatunga tangazo lenye kichwa kizuri lisilomsogeza mtu hata hatua moja. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafaa kuangaliwa kwa kuwa huko udhaifu huo hulipiwa kwa mwili wa msichana.

2.0 Bango na Neno Moja

Kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai nchini Tanzania tangu ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Hata hivyo msimu hurudi, hasa Desemba shule zinapofungwa, na kwa koo nyingi za Wakurya hurudi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mabango ya kuupinga si haba. Aghalabu maneno yake ni ya namna ya "Pinga ukeketaji" au "Ukeketaji ni ukatili".

Kiisimu, kasoro iko katika unominishaji. Kitenzi "keketa" hudai mtenda na mtendwa. Nomino "ukeketaji" huwafuta wote wawili. Ngariba anayelipwa hatajwi, mzee wa mila anayepanga siku hatajwi, baba anayengoja ng'ombe wa mahari hatajwi. Amri "pinga" nayo haina mwenyewe: nani apinge, na ampinge nani? Isitoshe, Kikurya kina neno moja, esaaro, kwa sherehe ya wavulana na ya wasichana pia, ilhali bango la Kiswahili linachukulia kwamba msomaji amekwisha kuzitenganisha.

Mshindani wa bango hilo ni neno "msagane", jina la dharau kwa msichana asiyekeketwa. Neno hili ni tangazo kamili. Lina hadhira iliyo wazi (msichana mwenyewe, mbele ya wenzake), lina tishio, na tendo linalotakiwa linaeleweka bila kutajwa. Halikugharimu hata shilingi moja ya wino.

3.0 Darasani

Uchambuzi uanze mbali na jambo hili zito. Kuta za maduka mjini Tarime na Mugumu, kama kwingineko nchini, hupakwa rangi za kampuni za simu, na humo wanafunzi wataona kwamba amri kama "jiunge" au "tuma" hufuatwa mara moja na namba ya kubonyeza. Mwuzaji hamwachi mteja njiani. Wakirudi kwenye bango la ukeketaji, wataona wenyewe kilichopungua: msichana aliyeshawishika aende wapi? Nyumba Salama ipo Mugumu, na kituo cha Masanga kipo Tarime. Tangazo lisilovitaja limemwacha alipokuwa.

Hatua ya kutunga ni ngumu zaidi. Chukua mfano huu wa kubuni: "Baba, ng'ombe wataisha. Cheti changu kitabaki." Hapa msemaji yupo, mwambiwa yupo, na hoja inagusa hesabu ambayo baba anaipiga kweli. Lakini darasa makini litauliza iwapo tangazo hilo halimhesabu binti kama mali vilevile, ila yenye faida ya muda mrefu. Mjadala huo una thamani kuliko bango lenyewe. Inafaa pia matangazo yatungwe kwa Kikurya na kusomwa kwa sauti, maana bibi mwenye kauli nyumbani pengine hasomi mabango.

Mwalimu asisahau kwamba tangazo linaloeleweka hujibiwa. Mwaka 2005 asasi ya HakiElimu, iliyokuwa ikitoa matangazo ya redio na televisheni kuhusu hali ya elimu, ilizuiwa na Wizara ya Elimu na Utamaduni kuchapisha tafiti zake kuhusu shule. Asasi ina ofisi na wanasheria. Mtoto wa darasa la sita hurudi jioni kulala nyumba moja na anaowapinga. Kwa hiyo kazi za darasa zisibandikwe zikiwa na majina wala picha za watunzi, na zitolewe kwa sauti ya shule nzima.

Linabaki tatizo la tathmini. Msahihishaji mwenye mwongozo wa kichwa, kiini na jina la mtangazaji atalinyima alama tangazo la sentensi mbili kwa baba, na kulipa alama zote "Pinga ukeketaji" lililopigiwa mstari.