Mvuvi wa Kipini katika maji ya Thiba

Nimezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapomalizikia baharini, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Mumbuni, Machakos, ninakofundisha. Watu wa kwetu wakisikia niko Machakos huniuliza swali moja: samaki unapata wapi? Nawajibu, sokoni, na mara nyingi ni tilapia wa Masinga. Hapo hunionea huruma.

Mwezi wa kumi mwaka jana, kusi imeshalegea huko kwetu na huku Mumbuni watu wanapanga mitungi kusubiri mvua za vuli, jirani yangu, mzee wa Kikamba aliyestaafu, aliniambia: "Mwalimu, wewe si mtu wa bahari? Twende nikakuone mtoni." Mzee huyu huvua trauti kwa nzi wa bandia. Nilicheka. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa jarife na mshipi. Nzi nawajua wa kwenye samaki, si wa kuvulia samaki.

Tulikata leseni ya kuvua trauti, tukalipia kuingia msituni, tukapanda juu ya Kimunye, Kirinyaga, ambako Mto Thiba unatoka katika msitu wa Mlima Kenya. Ndio Thiba huohuo unaomwagilia mpunga wa Mwea, kwa hivyo kila aliyekula biriani ya pishori ameshaonja maji yake. Niliutia mkono nikautoa upesi. Maji baridi kama ya kwenye friji, meupe, mawe yote yanaonekana chini. Kwa mtu aliyezoea Tana ya rangi ya chai ya maziwa, nilijiona niko nchi nyingine.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo. Mayai yalitoka Loch Leven huko Uskoti, yakashushwa Mombasa, yakapandishwa gari la moshi, kisha wapagazi wakayabeba hadi Mto Gura katika milima ya Aberdare. Fikiria mayai ya samaki wa baridi yakipita Mombasa! Miaka michache baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri. Yote hayo kwa ajili ya mchezo wa walowezi, kwa sababu wenyeji wengi wa milima ile kwa desturi hawakuwa walaji wa samaki.

Huyu wa upinde wa mvua ndiye aliyenishangaza. Kwao ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, Amerika Kaskazini upande wa magharibi na Kamchatka huko Urusi. Wengine huzaliwa mtoni wakafia mtoni. Wengine, wa aina ileile moja, huteremka baharini wangali wadogo, wakanenepa huko mwaka mmoja hadi mitatu, wakabadilika rangi kuwa kama fedha, kisha wakarudi kutaga katika mto waliozaliwa, ambao huutambua kwa harufu. Hao wa baharini Wamarekani huwaita stilihedi, yaani kichwa cha chuma. Wavuvi huwafuata katika mito kama Umpqua wa Oregon, hasa miezi ya majani kupukutika, na husemwa kuwa ni samaki wa kurusha mara elfu. Akisharudi mtoni hali sana. Nzi hupitishwa mbele yake kukata mkondo, naye humshika kwa hasira au kwa mazoea tu ya utotoni.

Nikamuuliza mzee: basi mbona hawa wa Thiba hawaji kwetu Kipini? Maana Thiba unaingia Tana, na Tana ni wetu. Akasema trauti anataka maji ya baridi, yakipita nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika, na kuanzia Mwea kwenda chini ni moto mtupu. Na hata angestahimili, kuna mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Samaki wa bahari amefungiwa mlimani.

Sasa uvuvi wenyewe. Sisi tukitupa mshipi, chubwi ndiyo inayoubeba. Ndoana na chambo hufuata uzito. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kwenda popote. Kwa hivyo mshipi wenyewe ndio mzito, mnene, na ndio unaorushwa. Nzi huburutwa mwishoni kwa uzi mwembamba usioonekana. Ufito unaurudisha nyuma, unasubiri mshipi unyooke hewani nyuma yako, ndipo unausukuma mbele. Huko kusubiri ndiko kulikonishinda. Mkono wa bahari una haraka. Nilinasa mti, nikanasa shati langu, nikanasa mti uleule tena. Mzee hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha akaniambia niketi kwanza niutazame mto, kwa sababu nilikuwa navua maji yote wakati samaki wako mahali pachache. Mto usioujua, alisema, usome kama unavyosoma bahari usiyoijua. Hapo nikaelewa. Kwetu baba hutafuta mahali rangi mbili za maji zinapokutana. Thiba nao una mstari kama huo, mkondo wa kasi ukipita kando ya maji yaliyotulia. Trauti hulala pale penye utulivu, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliolika, kichwa kikitazama maji yanakotoka, na chakula huletewa na mkondo. Kwa hivyo mwendee kutoka chini, nyuma yake, umeinama, kivuli chako kisimpite. Nzi aanguke juu yake kidogo ashuke kwa mwendo wa maji yenyewe. Mshipi ukimvuta nzi hata kidogo, samaki anajua. Kabla ya vuli maji ni machache na safi, naye anaona kila kitu.

Saa tisa alasiri nilimpata mmoja, urefu wa kiganja na nusu, ubavu una mstari wa waridi na madoa meusi. Mzee akaniomba nimrudishe, ni mdogo. Nikamrudisha.

Kanuni za mito hii ni kali: trauti huvuliwa kwa ufito na nzi wa bandia tu. Zamani mwenyeji aliyekutwa na mtego alihesabiwa mwizi katika mto wa babu zake, na jambo hilo bado linanikera. Lakini nilipoona miti mikubwa iliyofunika kingo zote mbili, nilikumbuka wakulima wa Ozi wanaolia kwamba maji ya chumvi yameingia mashambani kwa kuwa Tana haina nguvu ya kuyasukuma. Mzee aliniambia miti ikikatwa maji hupata jua, na trauti ndiye wa kwanza kuondoka. Sisi wa chini tutajua baadaye sana.

Usiku nikampigia baba simu.

"Umemuumiza mdomo kisha ukamrudisha?" akasema. "Ulikuwa ukimtafutia nini?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia ni kama nyavu za matundu madogo anazozilalamikia yeye mwenyewe kila siku, kwamba zinabeba hata watoto wa samaki. Akanyamaza. Kisha akauliza maji yale yana kina gani, na kama yana chumvi. Nikasema hayana, na mahali pengine hayafiki magotini.

"Na mto wenyewe unaishia wapi?"

"Hapo ulipokaa, baba."

Akataka nimpelekee nzi mmoja autazame ulivyofungwa. Nimeshamnunulia watatu. Likizo ya Disemba nateremka navyo, na Januari maji yakipungua tena, mzee na mimi tuna safari.