Peugeot 205 Turbo 16: Motokaa Ndogo Iliyoutangulia Uwezo wa Binadamu

Kwa umbo la nje, Peugeot 205 Turbo 16 ilifanana na motokaa yoyote ndogo ya familia. Undani wake ulikuwa mwingine kabisa. Kanuni za mashindano zilizoitwa Kundi B, zilizoanza mwaka 1982, zilimtaka mtengenezaji aunde magari 200 tu ya aina moja ili aruhusiwe kushindana. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikaunda 200 ya kuuzwa, na mengine machache yenye nguvu zaidi kwa ajili ya mbio.

Injini iliwekwa nyuma ya viti viwili vya mbele, ili uzito ukae karibu na kitovu cha gari. Magurudumu yote manne yaliendeshwa na injini hiyo. Moshi uliotoka katika silinda ulizungusha tabini ndogo, nayo tabini ikazungusha pampu iliyosukuma hewa nyingi ndani ya injini. Chombo hicho huitwa tabo. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka.

Ujazo wa injini ulikuwa sentimita za ujazo 1,775. Kwa nini kiasi hicho? Kanuni ziliagiza ujazo wa injini yenye tabo uzidishwe kwa 1.4. Jibu ni 2,485, yaani chini kidogo ya mpaka wa 2,500. Na gari lililokuwa chini ya mpaka huo liliruhusiwa kuwa jepesi zaidi. Magari yaliyouzwa yalikuwa na nguvu za farasi 200 hivi; yale ya mbio ya mwisho yalizidi 400.

Matunda yalionekana upesi. Ari Vatanen alishinda nchini Finland mwaka 1984. Timo Salonen akawa bingwa wa dunia mwaka 1985, na Juha Kankkunen mwaka 1986. Hata hivyo, Safari Rally ya Kenya haikupata kushindwa na gari hili. Miaka hiyo yote mitatu ilitwaliwa na Toyota Celica, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwani huko ustahimilivu ulikuwa na thamani kuliko wepesi.

Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Tena, gari liendalo kilomita 180 kwa saa hukata mita 25 katika nusu sekunde, kabla dereva hajawahi kukanyaga breki. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa nchini Ureno, gari la Ford lilipowavamia kando ya barabara. Mwezi Mei mwaka huohuo Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walifariki kisiwani Corsica wakiwa katika Lancia. Kundi B likapigwa marufuku kuanzia 1987.

Leo tabo na vali nne kwa kila silinda hupatikana katika motokaa nyingi za kawaida, mara nyingi kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta. Huo ndio urithi wa kwanza. Wa pili ni funzo: mhandisi apimaye uwezo wa mtambo hana budi kupima pia uwezo wa mtu atakayeuendesha, na usalama wa yule asimamaye kando ya njia.