Paka, king'ora na kilo zilizoandikwa kwenye boksi

Mwaka 2005, kamera zilizotegwa msituni katika Milima ya Udzungwa, kusini mwa Mikumi, zilimpiga picha sange ambaye wanasayansi walikuwa hawajamjua. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Ana uzito wa gramu 700 hivi. Kamera za namna hiyo hufyatuliwa na kihisi mwendo cha joto, ndugu wa kile kinachofungwa leo sebuleni Kilosa na kwenye taa za sola za uani Mikumi. Msituni tunakisifu kwa kumnasa mnyama mdogo, nyumbani tunakilaani kwa kumnasa paka. Kazi ni ileile. Ndiyo maana nashikilia kwamba dawa ya kengele za uongo ni mahali kifaa kinapofungwa na kinakotazama. Skrubu ya kupunguza ukali na maandishi ya boksi vinakuja nyuma sana.

Kihisi hiki hakipimi uzito wala hakioni umbo. Ndani yake mna vipande viwili vinavyopokea mionzi ya joto, vimeungwa kwa kupingana: chumba chote kikipata joto polepole, vinafutana na king'ora kinanyamaza. Ile plastiki nyeupe ya mbele ni lenzi, nayo inaigawa sebule kuwa kanda nyingi zilizotanuka kama vidole vya mkono. Mwili wenye joto ukikatiza kutoka kanda moja kwenda nyingine, kipande kimoja kinaupata kabla ya mwenzake, na hapo ndipo kelele inapoanza. Kwa hiyo umbali una uzito zaidi kuliko kilo. Paka aliyelala sakafuni mwisho wa chumba si kitu. Paka huyohuyo akiparamia kabati la vyombo na kupita nusu mita mbele ya lenzi anaonekana mkubwa kuliko mtu mzima aliye mita nane. Hata mdudu au mjusi kafiri akitambaa juu ya lenzi yenyewe anaweza kuamsha mtaa, na mara nyingi huwa ameingia kwenye kifaa kupitia tundu la waya ambalo fundi hakuliziba.

Wapo watakaosema: punguza ukali, yaishe. Kwa nchi ya baridi ushauri huo unaweza kupita, kwa Kilosa ni wa hatari. Kihisi kinategemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la ukuta ulio nyuma yake. Ngozi ya binadamu ina nyuzi 33 au 34 hivi. Mchana wa msimu wa joto, chini ya mabati yasiyo na dari, ukuta unaweza kukaribia kiwango hicho, na kihisi tayari kinahangaika kumtofautisha mtu. Ukikipunguzia ukali juu ya hapo, paka atapita kimya, na mwizi naye atapita kimya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kuna vihisi vinavyouzwa kwa ahadi ya kutojali mnyama wa kilo 15, 25 au zaidi. Vipo kweli, na vinafaa. Lakini namba hiyo ni makadirio ya ukubwa wa mnyama anayetembea sakafuni, kifaa kikiwa kimefungwa kwa kimo kilichoelekezwa, mara nyingi kati ya mita 2.1 na 2.4, bila kuinamishwa. Fundi akikiinamisha kidogo "kione vizuri", amegeuza kanda za juu zitazame sakafu, na pesa uliyoongeza dukani imekwenda bure. Ahadi hiyo inakufa pia pale kinapotazama kochi, ngazi au meza ambayo paka hupanda. Kiwekwe kwenye kona, mbali na samani ndefu, kisitazame dirisha lenye jua. Na kama kochi halihamishiki, kipande cha utepe usiopitisha mwanga kwenye sehemu ya lenzi inayolitazama kinatosha.

Uani hali ni nyingine, hasa Mikumi, mji uliopakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mbwa na kuku unaweza kuwakwepa kwa kihisi chenye miale miwili, wa juu na wa chini, kinacholia yote miwili ikikatwa pamoja. Nyani anayetembea juu ya ukuta wa uzio hakwepeki hivyo, tembo ndiyo kabisa. Lakini tembo akiwa kwenye migomba yako, sioni uongo wa kengele uko wapi.

Nyumba yenye paka wawili watatu wanaolala ndani kwa ajili ya panya, nisingeilazimishia kihisi mwendo usiku. Swichi za sumaku kwenye milango na madirisha hazina habari na joto wala manyoya: zinalia bawa la mlango likiachana na fremu, basi. Kihisi mwendo kibaki kwenye chumba kinachofungwa, kama stoo au duka la mbele, na kijaribiwe saa nane mchana, mabati yakiwa ya moto, mtu akitembea polepole kukatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta.