Je, Wajua? Dawa ya povu inapokutana na joto

Je, wajua kuwa ile haidrojeni peroksaidi ya kuoshea kidonda, inayouzwa kwenye chupa ya kahawia, ni ndugu wa maji? Chembe ya maji ina haidrojeni mbili na oksijeni moja. Haidrojeni peroksaidi ina oksijeni mbili, na hiyo ya ziada haitulii.

Je, wajua kuwa aliyeigundua ni Mfaransa, Louis Jacques Thénard, mwaka 1818?

Je, wajua kuwa ikivunjika hubaki maji na oksijeni tu? Mililita 100 za dawa ya asilimia 3 hutoa karibu lita nzima ya oksijeni. Ndiyo maana chupa iliyofungwa kabisa na kuachwa juani huvimba.

Je, wajua kuwa joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuvunjika huongezeka mara mbili hivi, au zaidi?

Je, wajua kuwa birika la Karatu halifiki nyuzi 100? Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia karibu nyuzi 95. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, ni nyuzi 92 hivi. Peroksaidi tupu huchemkia nyuzi 150. Kwa hiyo usiibandike jikoni: maji hutangulia kuondoka na dawa hubaki kali.

Je, wajua kuwa udongo mwekundu wa Karatu nao huivunja? Tia chembe chache kwenye kifuniko chenye dawa uone vipovu vikipanda. Madini ya chuma na manganizi ndiyo yanayochochea.

Je, wajua kuwa magadi, kama yale ya Ziwa Natron wilayani Ngorongoro, huongeza kasi hiyo? Hata hivyo, sabuni nyingi za unga za kuondoa madoa zina magadi yaliyoshikana na peroksaidi. Zikiingia kwenye maji ya moto huachia oksijeni, na oksijeni hula doa.

Je, wajua kuwa yupo mbawakawa anayeitumia peroksaidi kama silaha? Stenaptinus insignis, anayepatikana Kenya, huichanganya na kemikali nyingine tumboni, kisha humfyatulia adui majimaji ya nyuzi 100, kwa mipigo kama 500 kwa sekunde.

Je, wajua kuwa ndani ya vinu vya nyuklia, kwenye maji ya karibu nyuzi 300, mionzi huyapasua maji na kuzaa peroksaidi? Haidumu, lakini wahandisi huichunga kwa sababu huchangia kula chuma cha pua.

Je, wajua kuwa povu la kidondani si dalili ya uchafu kutoka? Ni kimeng'enya cha damu na nyama, katalesi, kinachoivunja dawa. Kuimwaga kila siku huumiza nyama changa, hivyo maji safi na sabuni vinatosha.

Na je, wajua namna ya kuipima chupa yako? Katakata kiazi kibichi, udondoshee kipande tone moja. Povu likifumka, dawa ingali na nguvu. Kipande kilichochemshwa hakifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa moto umekiua kimeng'enya. Kibichi kikinyamaza, ujue chupani yamebaki maji.