Neno "infallible": silabi, mkazo na maana yake

Sisi tunaosoma falsafa kwa Kiingereza hukutana mara nyingi na vivumishi virefu vyenye asili ya Kilatini. Kimojawapo ni "infallible", yaani asiyeweza kukosea. Wengi hukitamka vibaya, na wengi zaidi hukielewa vibaya. Tukichambue.

Kwanza, silabi. Ziko nne: in-fal-li-ble. Katika silabi ya mwisho herufi "e" haitamkwi. "L" yenyewe hubeba silabi, kama "m" katika neno letu "mtu".

Pili, mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo msemaji wa Kiswahili huelekea kukaza "li". Kiingereza hukaza "fal": in-FAL-li-ble. Ukiondoa kiambishi ukabaki na "fallible", mkazo haubanduki hapo. Ila katika nomino "infallibility" mkazo huhamia "bil".

Tatu, sehemu za neno. Kiambishi awali "in-" hukanusha. Mzizi "fall-" unatokana na kitenzi cha Kilatini "fallere", kudanganya. Si "fall" ya Kiingereza, kuanguka. Kiambishi tamati "-ible" huonyesha uwezekano. Kwa hiyo: asiyeweza kudanganyika, asiyeweza kukosea.

Mbele ya "p", kiambishi "in-" hugeuka "im-", kama "n" yetu inavyogeuka "m" mbele ya "b": twasema nyumba ndogo, lakini nyumba mbaya. Ndivyo tunavyopata "impeccable", kutoka "peccare", kutenda dhambi. Maneno haya mawili yana kiambishi awali kilekile na mkazo kwenye silabi ya pili. Yanatofautiana mzizi, na mzizi ndio wenye maana.

Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha kwamba Baba Mtakatifu ana karama ya kutokosea anapotangaza rasmi, kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, fundisho la imani au maadili la kushikwa na Kanisa zima. Haukusema kwamba hawezi kutenda dhambi. Papa naye huungama.

Kiswahili chetu chahitaji uangalifu zaidi hapa, kwa kuwa neno "kosa" hubeba maana zote mbili: katika Baba Yetu, makosa ni dhambi. Basi mtu akituuliza, "Papa hakosei, mbona wapo mapapa waliotenda dhambi?", tuanze kumjibu kwa mzizi wa neno.