Fundi Umeme wa Nyumba za Usharika: Tuulize Nini Kabla ya Kumpa Kazi?



Katika toleo hili nimeombwa nieleze jambo ambalo kamati nyingi za sharika hulimaliza kwa dakika tano mwishoni mwa kikao, yaani kumtafuta fundi wa kutengeneza au kuongeza umeme katika nyumba ya mchungaji, ya mwinjilisti au ya mtumishi wa zahanati. Naanza na kisa chetu wenyewe, na sehemu ya kosa ni yangu.

Mwaka 2023, katika mtaa mmoja wa dayosisi yetu, mke wa mwinjilisti alikuwa akianika nguo baada ya mvua. Kamba yake ya kuanikia ilikuwa ya waya, upande mmoja imefungwa kwenye mti na upande wa pili kwenye paa, ikigusa bati. Alipoishika kwa mikono iliyolowa, umeme ulimnasa. Kijana wa jirani alikimbilia ndani akazima swichi kuu, ndipo mama akaachiwa. Alilala kituo cha afya usiku mmoja, akarudi nyumbani na kovu la kuungua kiganjani. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya akili ya kijana yule, maana kama angemshika mama ili amvute, pengine tungezika wawili.

Nilifika siku tatu baadaye nikiwa na fundi mwenye leseni kutoka mjini. Darini tulikuta maungio ya nyaya yamezungushiwa nailoni tu badala ya kuwekwa kwenye kisanduku chake, na panya walikuwa wameshaitafuna. Waya wenye umeme uligusa msumari wa paa, hivyo bati zima lilikuwa na umeme. Kisha fundi akachimba pembeni ya ukuta, pale unaposhukia waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na njano ambao mafundi huuita "ethi". Ulikuwa umefukiwa kiasi cha kiganja kimoja, ukaishia hapo kwenye udongo. Nondo yake haikuwepo. Katika faili la mradi, risiti ya nondo hiyo ipo. Ipo pia ripoti ya kukamilika kwa kazi yenye sahihi yangu. Siku ya makabidhiano taa zote ziliwaka, wazee wakapiga makofi, nami nikapiga picha. Wafadhili wetu waliipokea picha hiyo.

Taa kuwaka ni jambo rahisi kuliko yote katika kazi ya umeme. Kinachomlinda aliye ndani ya nyumba kimejificha darini, ukutani na ardhini, na hapo ndipo fundi asiye mwaminifu, au asiyejua, anapopunguzia gharama.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo jinsi kinga inavyofanya kazi, kwa sababu kamati isiyoelewa hili haiwezi kumwuliza fundi swali la maana. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Sakiti breka mnazoziona kwenye swichi kuu, tuseme ya ampea 20, kazi yake ni kuulinda waya usipate moto kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Haikuwekwa kumlinda mtu. Umeme unaopita mwilini unaweza kuua ukiwa chini sana ya ampea moja, wakati pasi ya nguo peke yake hutumia ampea nne na zaidi. Kwa breka ile, mtu anayenaswa na umeme ni mzigo mdogo kuliko pasi. Ndiyo maana mama yule alishikwa na breka isishtuke.

Wengi hudhani nondo ya ardhi inatosha. Nondo ni ya lazima, lakini tufanye hesabu. Udongo wetu si shaba. Nondo iliyopigwa vizuri inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50, na wakati wa kiangazi hata zaidi. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 50 ni ampea 4.6. Friji likipata hitilafu na umeme ukashuka kupitia nondo hiyo, breka ya ampea 20 haitakatika, na umeme utaendelea kuvuja. Tena bati la paa kwa kawaida halijaunganishwa na waya wa ardhi kabisa, kwa hiyo nondo peke yake isingemsaidia mama mwinjilisti.

Kinachotakiwa pamoja na nondo ni swichi ya kinga dhidi ya umeme unaovuja. Dukani ulizeni RCD au RCCB ya miliampea 30. Hii hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ikiona pungufu, hata la sehemu 30 za elfu moja ya ampea, hukata mara moja. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme ukate. Usipokata, haifanyi kazi na ibadilishwe. Nyumba nyingi tulizojenga kabla ya miaka hii hazina kitu hiki. Kama fedha za matengenezo zinatosha kitu kimoja tu, kwa maoni yangu nondo na swichi hii ziende kwanza, kabla ya taa za nje na kabla ya soketi za ziada.

Sasa tuje kwa fundi mwenyewe. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya ufungaji umeme ni ya mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA. Watu huchanganya leseni na cheti cha VETA. Cheti kinaonyesha kwamba kijana amesoma. Leseni ndiyo inayompa ruhusa ya kufanya kazi na kuwajibika kwa kazi hiyo. Leseni zina madaraja, zina jina la mhusika na zina tarehe ya kuisha. Mwombeni aje na leseni yenyewe, msome jina, daraja na tarehe, mchukue nakala muiweke kwenye faili. Mkiwa na mashaka, ofisi za kanda za EWURA zinaweza kuulizwa. Fundi wa kweli haoni haya kuulizwa. Anayekasirika ameshawajibu.

Hapa najua nagusa penye maumivu. Karibu kila usharika una kijana muumini, pengine mtoto wa mzee wa kanisa, anayejitolea kufanya kazi ya umeme kwa bei ya soda. Kumkataa ni vigumu, na moyo wake ni mzuri. Nashauri asikataliwe. Apewe kazi ya kuchimba kuta, kupitisha paipu na kubeba vifaa chini ya usimamizi wa mkandarasi mwenye leseni, naye atapata ujuzi. Lakini kuunganisha, kupima na kusaini kufanywe na mwenye leseni. Fundi wetu wa kwanza katika nyumba ile alikuwa mtu wa kwetu, nasi tulimpenda sana hata tukaona aibu kupanda darini nyuma yake.

Kosa jingine la kamati ni kuomba bei kabla fundi hajaiona nyumba. Bei ya simu ni ya kubahatisha. Itapanda katikati ya kazi, au kazi itapungua ili ilingane na bei. Mlipeni fundi posho ya siku moja aje akague: afungue swichi kuu, apande darini, apime nondo, kisha aandike alichokiona. Maandishi hayo ndiyo yatakuwa msingi wa mkataba, na yatafaa hata mkimpa kazi fundi mwingine. Gharama za vifaa zitenganishwe na ufundi, na kila kifaa kitajwe kwa kipimo chake. Neno "nyaya" peke yake kwenye makadirio halifai. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na vyombo vikubwa vya joto 4 au 6 au zaidi kadiri ya mzigo na umbali.

Vipimo hivi vina maana kubwa katika nyumba zinazoongezewa vifaa. Chukua nguvu ya chombo kwa wati, gawanya kwa 230, unapata ampea. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 hutumia ampea 4.3 hivi. Birika la wati 2,000 ni karibu 8.7. Hita ya bafuni ya papo kwa papo ya wati 5,000 ni karibu ampea 22, na hii haiwezi kuchomekwa kwenye njia ya soketi za sebuleni. Inadai waya wake kutoka swichi kuu, breka yake na kinga ya kuvuja. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa mwaka 2024, familia nyingi za watumishi zimeanza kupikia umeme, jambo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu yetu. Ila nyumba iliyotandazwa nyaya kwa ajili ya taa nne na redio ikaguliwe kwanza.

Vifaa na vinunuliwe na mjumbe wa kamati akiwa pamoja na fundi, risiti iandikwe jina la usharika. Tazameni alama ya ubora ya TBS na kipimo kilichochapwa kwenye waya wenyewe. Kuna nyaya za bei ya chini zilizopakwa shaba juu na ndani ni aluminiamu. Kwangua ncha kwa kisu. Ikionekana nyeupe, rudisha dukani.

Juu ya wageni na wafadhili wetu, ambao najua husoma ukurasa huu, naomba niseme kwa upendo. Vyombo kutoka Marekani vingi ni vya volti 120, na vikichomekwa kwetu bila kibadilisha volti huungua siku hiyo hiyo. Vyombo kutoka Ujerumani vinakubali volti zetu, lakini plagi yake ni ya miguu miwili ya mviringo, na ethi yake iko ubavuni. Watu wetu huingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi hiyo iingie. Inaingia, na chombo kinafanya kazi, lakini ethi haijaunganishwa na chochote. Mkileta birika au pasi, pamoja nayo tuma fedha ya plagi ya miguu mitatu na fundi wa kuifunga.

Fundi akimaliza, asiondoke kabla ya kupima mbele ya wajumbe wawili. Bisibisi ya kutestia huonyesha tu kwamba umeme upo. Fundi asiye na chombo kingine hawezi kuthibitisha usalama wa nyumba. Anatakiwa awe na kifaa cha kupima ukinzani wa nondo na kifaa cha kupima kama nyaya zinavuja, ambacho hupeleka volti 500 na kusoma si chini ya mega-omu 1. Aandike namba hizo kwenye karatasi, asaini, aweke namba ya leseni yake. Nondo ipigwe wajumbe wakiona, na maungio yote yawe kwenye visanduku. Malipo yawe kwa awamu, na sehemu ya mwisho isitolewe mpaka karatasi ya vipimo ifike kwa mtunza hazina. Mtunza hazina ana haki ya kuwa mgumu hapa, na wazee wamwunge mkono.

Mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni ni mali ya TANESCO. Kama tatizo liko huko, fundi wenu asiguse. Toeni taarifa TANESCO. Kuanzia baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba, yaani usharika. Kwa sharika ambazo zimefikiwa na miradi ya REA, kumbukeni kwamba ada ya kuunganishwa haigharimii nyaya za ndani. Bajeti ya nyumba isiyoonyesha fungu hilo itarudishwa na ofisi yangu.

Kwa upande wetu, fomu ya kukamilisha mradi imebadilishwa. Mahali pa picha ya taa zinazowaka sasa pana mahali pa kubandika karatasi ya vipimo, nakala ya leseni na picha ya nondo kabla haijafukiwa. Sitasaini bila hivyo vitatu. Wafadhili wakiona fungu la umeme limeongezeka katika maombi ya mradi, sababu ni hiyo.

Nyumba ya mwinjilisti ilitandazwa nyaya upya, ikawekwa nondo na swichi ya kinga. Mama amepona, ila kidole kimoja hakikunji vizuri. Nilipopita mara ya mwisho kamba yake ya nguo ilikuwa ya katani, imefungwa kwenye nguzo mbili za mti katikati ya uwanja, mbali na nyumba. Aliniambia mume wake anambonyezea kile kitufe cha T kila Jumamosi jioni, na kwamba haamini mpaka amesikia kimekata.